Sigara Haiachwi kwa Karipio



Februari 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kuwapa methadoni watu waliokuwa wakitumia heroini. Mgonjwa alifika dirishani kila siku, akanywa dozi yake mbele ya mhudumu, akaenda zake. Tulikubali, japo kwa shingo upande, kwamba arosto ni ugonjwa na kwamba ugonjwa una dawa. Lakini mvutaji wa sigara akija kliniki na kikohozi kisichoisha, mara nyingi anaondoka na neno moja tu: acha. Tena hutamkwa kwa ukali, kana kwamba hajawahi kulisikia.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa tumbaku huua zaidi ya watu milioni 7 kwa mwaka. Nikotini ya moshi hufika ubongoni katika muda usiozidi sekunde 20, na baada ya saa 2 hivi nusu yake imeshatoka damuni. Ubongo uliozoea huanza kudai. Ndiyo sababu mwezi wa Ramadhani utamwona mtu aliyeshinda bila tone la maji akifungua kwa tende moja, kisha anachomoka nje kuwasha fegi kabla uji haujapoa. Nani atathubutu kumwambia mtu huyo kwamba hana nia? Nia anayo ya kutosha. Anachokosa ni kitu cha kumvusha siku za kwanza, ambapo arosto hupanda, na wiki chache zinazofuata inapotulia.

Wanaojaribu kuacha bila msaada wowote, kati ya 100 hubaki 3 hadi 5 tu ambao bado hawavuti baada ya miezi 6 au mwaka. Najua kila ukoo una mzee wake aliyetupa pakiti siku moja asirudi tena. Namheshimu mzee huyo. Ila wale wengine 95 hawasimuliwi.

Wengi huniuliza kama ni afadhali kupunguza kidogo kidogo. Jaribio lililofanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2016 lilihusisha wavutaji 697, wote wakipewa nikotini ya tiba na ushauri. Baada ya wiki 4, walioacha kwa mkupuo walifanikiwa kwa asilimia 49, na waliopunguza taratibu kwa asilimia 39. Hapa kwetu, ambako duka la mtaani huuza sigara moja moja, nadhani kupunguza ni kugumu zaidi. Chagua siku, acha siku hiyo.

Na dawa? Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Julai 2024 unapendekeza nikotini ya tiba, vareniklini, bupropioni na sitisini, pamoja na ushauri. Sitisini inastahili macho yetu. Hutokana na mmea, imeuzwa Bulgaria tangu miaka ya 1960, na dozi yake ya kawaida huisha kwa siku 25. Katika jaribio la New Zealand la mwaka 2014, mwezi mmoja baada ya kuacha, asilimia 40 ya walioitumia walikuwa hawajarudia, dhidi ya asilimia 31 ya waliotumia nikotini ya tiba. Nchi yenye bajeti finyu ya dawa haina sababu ya kuipita kimya.

Nikotini ya tiba nayo huangushwa na matumizi. Mtu hupewa bigijii ya nikotini bila maelezo, akaitafuna kama bigijii ya dukani, akapata kwikwi na kiungulia, akaitema na kusema haifai. Inatafunwa polepole mpaka ulimi uhisi pilipili, halafu inabanwa kati ya shavu na ufizi ili nikotini ipenye hapo; pilipili ikiisha, inatafunwa tena. Soda na kahawa zikae mbali nayo, kwa kuwa uchachu wake huzuia nikotini kupenya. Ikiunganishwa na kibandiko cha ngozini, hufanya kazi vizuri kuliko kimojawapo peke yake.

Kahawa ina mtego mwingine, na wanafunzi wa famasia naomba mnisikilize vizuri. Moshi wa sigara huchochea ini kuivunja kafeini upesi. Moshi ukikoma, vikombe vilevile vya kijiweni hujaza kafeini damuni karibu maradufu: mikono inatetemeka, usingizi unakata, moyo unakwenda mbio. Mtu anadhani ni arosto, anarudi kwenye pakiti. Kibandiko hakiliondoi hilo, kwa sababu kinachochochea ini ni moshi wenyewe, wala si nikotini. Kwa hiyo muulizeni mgonjwa hunywa kahawa kiasi gani, na siku anayoacha sigara mwambieni apunguze vikombe kwa nusu.