Kujitolea Siyo Kufanyishwa Kazi ya Bure

Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya Watanzania wa Riyadh na Jeddah katika Sikukuu ya Uhuru



Desemba ina siku mbili zinazokaribiana. Tarehe 9 tunakumbuka uhuru wa Tanganyika wa mwaka 1961. Siku nne kabla yake, tarehe 5, ni Siku ya Kimataifa ya Kujitolea, iliyowekwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1985. Wazee mliopo mnakumbuka kaulimbiu yetu ilikuwa "Uhuru na Kazi", na kwamba miaka ile watu walijenga madarasa na barabara kwa kujitolea. Kamati iliponiomba nizungumzie ajira, niliona nianzie hapo.

Nazungumza hasa na wenzangu ambao iqama zao zinawaita wategemezi. Humu ukumbini wamo wauguzi, walimu na wahasibu waliowafuata wenzi wao, wakalea watoto, na sasa miaka sita au minane imepita. Hesabu mnaijua. Tangu Julai 2020, mfanyakazi wa kampuni binafsi anamlipia kila mtegemezi riyali 400 kwa mwezi, yaani 4,800 kwa mwaka. Mshahara mmoja unabeba nyumba nzima. Mama anataka kurudi kazini, lakini kila anapoomba anaulizwa: "Miaka yote hii ulikuwa unafanya nini?"

Kujitolea kunaweza kukupa jibu la swali hilo, na nchi hii imefungua mlango. Dira ya 2030 ilipotangazwa mwaka 2016, ilisema waliojitolea ni 11,000 tu, na ikaweka lengo la watu milioni moja kwa mwaka. Lengo hilo limeshapitwa. Lipo Jukwaa la Taifa la Kujitolea kwenye mtandao. Mkazi mwenye iqama anajiandikisha, anachagua nafasi katika mji wake, na saa alizofanya zinaandikwa. Ndugu wa Jeddah, mji wenu ndio lango la mahujaji, na hata hotuba ya Arafa siku hizi hutafsiriwa kwa Kiswahili. Mwenye Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza ana mtaji mkononi.

Sasa naomba tusikilizane vizuri, maana hapa watu huumia. Pitia taasisi inayotambuliwa tu. Duka au kampuni ikikwambia, "Njoo tukuangalie miezi mitatu bila malipo," huko siyo kujitolea. Ni kazi isiyo na kibali, na wakaguzi wakija, wewe ndiye utakayekuwa mashakani. Na wadogo zetu mnaofanya kazi majumbani, mshahara ukicheleweshwa ukaambiwa "saidia tu kwa sasa", hiyo ni haki yako inayozuiliwa. Zungumza na ubalozi.

Jambo la pili, jitolee karibu na fani yako. Mimi nilikuwa nafundisha hesabu sekondari huko Tanga. Nilipokuja Riyadh nikakaa nyumbani miaka saba. Shule moja binafsi ilikataa ombi langu kwa sababu hiyohiyo ya miaka. Nikaanza kufundisha hesabu watoto wa jumuiya kila Ijumaa baada ya Alasiri. Niliweka daftari: tarehe, mada, watoto wangapi, nani amepanda na kwa alama ngapi. Mwaka uliofuata nikaomba shule nyingine. Nikapeleka daftari na barua ya Mwenyekiti, nikafundisha somo moja mbele yao, nikachukuliwa. Shule ilinichukulia kibali cha Ajeer, utaratibu unaomwezesha mtegemezi kufundisha bila kubadilisha kafili.

Wauguzi, kwenu njia ni ndefu kidogo. Kujitolea hospitalini kutakuwa kupokea na kuongoza wagonjwa. Kuwatibu kunahitaji usajili wa Tume ya Saudia ya Taaluma za Afya. Hata hivyo mtazoea Kiarabu cha wodini na mtapata watu wa kuwadhamini kwa barua. Na leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga la nyumbani msiiache ikafa. Vijana mnaofikiria kurudi Tanzania na shahada zenu, ulizeni TaESA kuhusu mafunzo ya uzoefu kazini.

Jambo la tatu, weka kikomo. Panga miezi sita, au saa 60, kisha omba barua inayotaja ulichofanya. Anayejitolea miaka mitano bila kuomba kazi huzoeleka, na watu husahau kwamba naye anahitaji mshahara.

Akina baba, hili haliwezekani bila nyinyi. Treni ya Riyadh ni riyali 4, nauli siyo tatizo kubwa. Tatizo ni nani atabaki na watoto Jumamosi asubuhi. Baki nao wewe. Na nyinyi watoto, vyombo haviwashindi.

Pale mlangoni kuna meza yenye fomu. Jumuiya inahitaji walimu wawili wa darasa la Kiswahili, mtunza hesabu mmoja, na mtu wa kuandika mihtasari ya vikao. Kila atakayetimiza saa zake atapewa barua yenye saini ya Mwenyekiti. Kabla hujaondoka leo, andika jina lako na fani yako, hata kama ni ile uliyoiacha miaka kumi iliyopita.

Uhuru na Kazi!