Kofi Si Mapenzi: Maneno kwa Vijana wa Kapalamsenga

Ndugu vijana mliojitolea kuwaelimisha wenzenu,

Kijana akimpiga mchumba wake, watu husema ni wivu wa mapenzi. Sivyo! Huo ni ubwana, nasi ubwana tuliukataa. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, haimpi hata mume haki ya kumpiga mkewe. Basi huyu asiye mume kapewa na nani?

Uchunguzi wa 2015-16 ulikuta katika Katavi yetu wasichana 45 katika kila 100, wenye miaka 15 hadi 19, wamekwisha kuzaa au wana mimba. Wangapi waliweza kusema hapana? Aogopaye kofi hasemi.

Nendeni mkawaambie: mtoto anayeteswa asifiche, simu 116 ni bure. Tukinyamaza, twamsaidia mpigaji.