Tusipeane Kondoo Pamoja na Ugonjwa

Leo tuongee juu ya kondoo wetu wa kuzungusha. Kondoo wa mwanachama akizaa, mwana-kondoo jike huenda kwa mwenzake anayengoja zamu. Mpango ni mzuri, lakini ugonjwa nao unaweza kuzunguka vivyo hivyo.

Tunasema juu ya vidonda vya midomo, ambavyo madaktari wa mifugo huviita orfu. Huletwa na virusi vinavyoingia penye mchubuko, kama ule wa miiba. Malengelenge hutokea midomoni na puani, yanapasuka, kisha vigaga vinene vinafunika. Mbuzi pia hupata. Wengi hupona wenyewe kwa wiki 3 au 4.

Mtu atauliza, kama wanapona wenyewe, shida iko wapi? Shida ni maziwa. Mwana-kondoo mgonjwa humwambukiza mama kwenye chuchu. Mama akisikia uchungu humfukuza mtoto. Mtoto hufa kwa njaa, na kiwele cha mama chaweza kuharibika kabisa.

Basi tufanye nini?

Kwanza, tuwatenge wagonjwa na kuwapa majani laini. Mtoto aliyekataliwa asipewe mama mwingine amnyonyeshe, maana huyo naye ataambukizwa. Mkamue mama pole pole, umpe mtoto maziwa kwa chupa.

Pili, tusibandue vigaga. Vikianguka, virusi hukaa ndani yake miezi mingi, na mahali pakavu hata miaka. Fagia zizi, uchome takataka hizo.

Tatu, tulinde mikono. Ugonjwa huu hushika binadamu pia. Vaa glavu, kisha nawa kwa sabuni. Watoto wasiwashike wagonjwa. Ukiota uvimbe kidoleni, nenda dispensari na useme wazi kwamba ulishika kondoo mwenye vidonda.

Nne, tusipoteze pesa kwa sindano za kubahatisha. Antibiotiki haiui virusi; husaidia tu kama kidonda kimeingia usaha, na afisa wa mifugo ndiye wa kuamua. Chanjo ya orfu nayo ina virusi hai, kwa hivyo haifai kupelekwa kwa kundi ambalo halijawahi kuugua.

Lakini angalieni sana. Mkiona homa kali na vipele mwilini, hata chini ya mkia, huenda ni ndui ya kondoo. Mkiona makamasi, kuhara na vifo vingi, huenda ni sotoka ya mbuzi na kondoo. Mwiteni afisa wa mifugo siku hiyo hiyo. Msipeleke mnyama yeyote sokoni.

Mwisho, kila kikundi kiandike sheria moja kwenye kitabu chake. Boma lenye vidonda lisitoe kondoo wala lisipokee mpaka vigaga vyote vianguke na ngozi ipone. Kondoo mgeni naye akae peke yake wiki 3 kabla ya kuchanganywa na wengine.

Tunajua anayengoja zamu atanung'unika. Hata hivyo, afadhali angoje mwezi mmoja kuliko kuletewa mgonjwa atakayeambukiza zizi zima. Na yule aliyetoa habari ya wagonjwa wake asitozwe faini wala asinyang'anywe zamu. Tukimwadhibu, wengine watanyamaza, na wahenga walishasema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Sasa tunangoja maswali yenu.