Mtihani wa 1932 na jeni ya uzeeni

Juni 1, 1932, watoto wa Uskoti waliozaliwa mwaka 1921 waliketi madarasani kufanya mtihani mmoja wa akili. Alama zikaandikwa madaftarini, kisha zikasahaulika.

Miongo mingi baadaye, Ian Deary wa Chuo Kikuu cha Edinburgh na wenzake waliwatafuta waliokuwa bado hai, sasa wazee wa miaka 80 hivi, wakawapima upya na kuchunguza jeni zao. Mwaka 2002 walitoa majibu: aina ya jeni ya APOE iitwayo e4 haikuonyesha athari walipokuwa na miaka 11, ila uzeeni waliokuwa nayo walipata alama za chini.

Aina hiyo ya e4 huhusishwa pia na ugonjwa wa Alzheimer, lakini nguvu ya uhusiano huo hutofautiana kati ya jamii. Kwa Wayoruba wa Ibadan, Nigeria, uhusiano huo umeonekana kuwa hafifu kuliko kwa Wamarekani weusi wa Indianapolis.