Maji ya Mtungi na Vijidudu vya Kuhara

Ninyi mlioko darasani Mwitongo, Butiama, na ninyi wa Musoma na Bunda, karibuni tena katika somo letu. Shikeni kalamu. Neno letu la leo ni VIJIDUDU. Lisomeni pamoja: vi-ji-du-du.

Vijidudu ni viumbe hai vidogo mno. Jicho haliwezi kuviona. Mwaka 1884, huko Bara Hindi, daktari Mjerumani Robert Koch alitumia hadubini, yaani chombo cha kukuza vitu vidogo, akaeleza kijidudu cha kipindupindu. Basi ugonjwa huu hauletwi na upepo mbaya wala jicho la jirani. Una kijidudu chake, na kijidudu kina njia yake.

Njia hiyo ni ipi? Tufanye mfano. Mtu mmoja anaumwa kuhara. Hana choo, anakwenda kichakani. Usiku mvua inanyesha. Maji yanachukua uchafu ule mpaka kijitoni. Asubuhi mama anateka maji. Anayatazama, anaona ni meupe. Anamimina mtungini. Mchana mtoto anakunywa. Kesho mtoto anahara.

Umeona, ndugu? Kinyesi cha mtu mmoja kimefika kinywani mwa mwingine, na hakuna aliyekiona. Maji ya kijito na maji ya Ziwa Victoria yaweza kung'aa, na bado yakawa na vijidudu. Nzi nao hutua chooni, kisha hutua juu ya ugali. Na mikono isiyonawiwa hufanya kazi ile ile ya nzi.

Mzee mmoja aweza kuuliza, "Mbona babu zetu waliyanywa maji haya haya?" Ni kweli, mzee wetu, waliyanywa. Lakini tukumbuke pia watoto wangapi walizikwa kabla ya kujua kutembea. Walionusurika ndio tuliowaona.

Sasa tuifunge njia hiyo. Kwanza, chimba choo, mbali na kisima hatua 40 za mtu mzima au zaidi, na upande wa chini yake. Kiwe na kifuniko. Pili, chemsha maji ya kunywa mpaka yatokote kwa nguvu, yaendelee hivyo dakika moja au zaidi. Yafunike, yapoe. Usichovye kikombe mtungini. Tumia kata yenye mpini. Tatu, nawa mikono kwa maji na sabuni utokapo chooni, umalizapo kumsafisha mtoto, na kabla ya kupika au kula. Kama sabuni hakuna, tumia jivu.

Na mtoto akisha kuhara, je? Hapa sikilizeni sana. Kinachoua upesi ni kuishiwa maji mwilini. Kipindupindu kikali chaweza kuua kwa saa chache. Usimnyime mtoto maji kwa kudhani utazuia kuhara. Kama huna dawa ya maji ya chumvichumvi, chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Tia sukari vijiko 6 vya chai na chumvi nusu kijiko, vyote vimesawazishwa. Koroga. Mpe kidogo kidogo. Anyonyaye aendelee kunyonya. Mpeleke zahanati mara moja, huku akinywa njiani.

Kazi hii haitushindi. Mwaka 1973 nchi yetu ilifanya kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu, wakajadiliana. Kisha wakashika majembe, wakachimba vyoo. Lakini adui hakuondoka kabisa. Mwaka 2015 kipindupindu kilizuka Dar es Salaam, kikaenea katika mikoa mingi. Choo kilichochimbwa na baba hakimlindi mwana kikiisha kujaa. Kila kizazi kina shimo lake la kuchimba.

Mwalimu wa darasa, sasa zima redio, waulize wanafunzi:

1. Kijidudu cha kuhara hupita njia gani kutoka mtu hadi mtu?
2. Kwa nini maji meupe si lazima yawe salama?
3. Nyumba zipi hapa kwetu hazina choo, na tutasaidianaje kuchimba?

Andikeni majibu. La tatu lijibiwe kwa jembe.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.