Siku za Kushitaki Zina Mwisho
(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanachama wa tawi)



Nimeombwa niseme juu ya jambo ambalo wengi wetu hulijua wakati limekwisha haribika. Mama anafukuzwa kazi kwa sababu ana mimba. Au anafanya kazi ile ile ya mwanamume aliye karibu naye, lakini mshahara wake ni mdogo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 imekataza mambo hayo, na kifungu cha 5 kinamtwika tajiri mzigo wa kuonyesha kwamba hakubagua. Hiyo ni nguvu kubwa kwetu, lakini ina siku zake.

Kesi sharti ifunguliwe kortini katika miaka 3 tangu jambo lilipotendeka. Ikiwa ni dhara linaloendelea, basi ni katika miezi 12 tangu lilipokoma. Aliyefukuzwa akitaka kumpelekea ofisa wa kazi malalamiko yake, amepewa miezi 3 tu. Hiyo mitatu ikipita, mlango wa korti bado u wazi. Nalisema hili kwa sababu wako waliorudi nyumbani wakidhani yote yamekwisha.

Miaka 3 yaonekana mingi, lakini mama huyo ana kujifungua, ana kulea, ana kutafuta kazi nyingine. Mwaka wa kwanza hana hata nafasi ya kufikiri habari za wakili. Kisha anakuja chamani, nasi tunamwandikia tajiri barua. Tajiri anajibu kwa upole kwamba jambo lake linaangaliwa. Tunaandika tena. Ndugu zangu, barua hizo hazisimamishi hata siku moja! Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba siku zinahesabiwa tangu kufukuzwa, hata kama mfanyi kazi alikuwa akingoja kwanza kesi yake ya jinai iishe. Wala msitumaini jaji aongeze muda kwa huruma. Mahakama zetu zimesema mara nyingi kwamba katika madai ya kazi hazina uwezo huo.

Habari ya mishahara ni ngumu zaidi, maana mishahara hufichwa. Huko Marekani, Lilly Ledbetter alifanya kazi katika kiwanda cha matairi cha Goodyear, Alabama, tangu 1979 mpaka 1998, akipata kidogo kuliko wanaume wa cheo chake. Alikuja kujua karibu na mwisho, kwa karatasi isiyo na jina la mwandishi. Mwaka 2007 mahakama ya juu kabisa, majaji 5 kwa 4, ilisema amechelewa, kwa kuwa siku 180 za sheria yao zilianza tajiri alipokata shauri la mshahara. Mwaka 2009 sheria ikabadilishwa, kila mshahara uliopunjwa ukaanzisha hesabu upya. Yeye mwenyewe hakulipwa kitu. Na hiyo ni sheria ya kwao. Hapa Kenya mtu asiitegemee.

Kwa hiyo waulizeni wenzenu wanalipwa nini, bila haya. Wekeni barua, karatasi za mshahara, na majina ya walioona. Nawaomba makarani wa matawi waandike juu ya kila jalada siku jambo lilipotendeka, na siku ya mwisho ya kwenda kortini. Aliye na barua ya kufukuzwa hapa leo, aje nayo mezani tuisome tarehe.