Soma Utepe wa Mtoto

Shikeni karatasi zenu, mfuate maneno kwa kidole. Leo tunasoma habari ya watoto waliochanganywa siku ya kuzaliwa.

Naanza na swali. Mama amejifungua. Mtoto amechukuliwa kwenda kupimwa uzito, kisha anarudishwa amefungwa katika blanketi. Mama atajuaje kwamba huyo ndiye mtoto wake? Wengi mtajibu: "Damu yake itamwambia." Basi, sikilizeni jambo lililotokea kwa jirani zetu wa Kenya.

Mwaka 1999, katika hospitali moja ya Kakamega, magharibi ya Kenya, mama mmoja alijifungua mapacha wa kike. Mama mwingine alijifungua msichana mmoja. Kila mmoja akaenda kwake na watoto aliopewa. Wasichana wakanyonya, wakakua, wakasoma shule. Miaka 19 ikapita. Ndipo watu wakaanza kushangaa. Msichana aliyelelewa Nairobi na msichana aliyelelewa Kakamega walifanana kama shilingi kwa ya pili! Wakaonana kwa picha katika Facebook, baadaye wakakutana. Mwezi wa Juni 2019 majibu ya maabara yakatolewa: hao wawili ndio mapacha. Yule wa tatu, aliyelelewa kama pacha, alizaliwa na yule mama mwingine.

Fikirini jambo hili. Kila mama alimlea kwa upendo mtoto aliyepewa. Damu haikumwambia neno kwa miaka 19. Na msichana anayesikia habari kama hiyo ana maswali mazito: Mama yangu ni yupi? Kwetu ni wapi? Watu hutunga hadithi na sinema za kutisha juu ya mambo haya, lakini kwa wasichana hawa haikuwa sinema.

Je, watoto huchanganywaje? Si lazima awepo mtu mbaya, wala si uchawi. Usiku mmoja wanajifungua wanawake wanne, na mkunga ni mmoja. Tukuyu ni baridi, mvua ni nyingi, na kila mtoto amefungwa blanketi hadi masikioni. Watoto wachanga hufanana. Utepe ukisahauliwa, au ukianguka, kosa huingia kimya kimya.

Tena, hapa Rungwe tuna jambo letu. Majina yetu yanafanana! Wodi moja yaweza kuwa na akina Mwakalinga wawili na akina Atupele watatu. Utepe ulioandikwa "Mtoto wa Mwakalinga" tu hautoshi. Yafaa uandikwe namna hii:

Jina la mama: majina yote matatu.
Jinsia: Ke au Me.
Tarehe ya kuzaliwa.
Saa ya kuzaliwa.

Tusome pamoja. "Ke" maana yake mtoto wa kike. "Me" maana yake mtoto wa kiume. Angalieni saa. Sisi husema saa nane za usiku, lakini mwuguzi huandika 2:00. Usishtuke. Ongeza sita juu ya mbili, utapata nane.

Sasa mnaona faida ya kisomo. Mama asiyejua kusoma hupokea mtoto na kushukuru. Mama anayejua kusoma hushukuru pia, lakini kwanza husoma. Fanya mambo matatu. Kwanza, kabla mtoto hajaondolewa karibu nawe, uliza: "Ameshafungwa utepe?" Pili, usome mwenyewe. Tatu, kila anaporudishwa, usome tena. Usione haya. Mwuguzi mwema hatakasirika, maana unamsaidia kazi yake. Na wewe mama mkwe au wifi unayemsindikiza mzazi, soma pia, kwa kuwa mzazi amechoka.

Sasa nasema na akina baba. Kuna shaka nyingine, inayozaliwa nyumbani. Mtu anamtazama mtoto na kusema: "Huyu hafanani nasi." Maneno hayo yamevunja nyumba nyingi. Mke hupigwa, hufukuzwa, na mtoto hukua akitazamwa kwa jicho baya. Ndugu zangu, sura si ushahidi. Mtoto aweza kufanana na bibi ya babu yake ambaye hamkumwona kamwe.

Ushahidi upo. Kundi la damu laweza kuonyesha kwamba mtoto huenda si wa wazazi fulani, lakini haliwezi kuthibitisha kwamba ni wao. Kipimo kamili ni cha vinasaba, yaani alama za urithi zilizomo mwilini. Nusu hutoka kwa mama, nusu kwa baba. Katika Tanzania kipimo hiki kina sheria yake, ya mwaka 2009, na husimamiwa na maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Hakinunuliwi dukani kama dawa ya kichwa. Ombi hupitia kwa mtu anayetambuliwa na sheria, kama wakili, mahakama, au ofisa wa ustawi wa jamii.

Basi, ukiwa na shaka ya kweli, usipige kelele kijijini. Nenda hospitali alikozaliwa mtoto, uliza daftari la uzazi. Kisha mwone ofisa wa ustawi wa jamii wilayani. Wakati wote huo mtoto ale, avae, apakatwe. Yeye hakujichagulia kitanda.

Maswali ya darasani:
1. Wasichana wa Kakamega walikuwa na umri gani ukweli ulipojulikana?
2. Kwa nini jina moja halitoshi katika utepe?
3. Mwuguzi akiandika 9:00 asubuhi, sisi tunasema saa ngapi?
4. Andika utepe wa mtoto wako wa mwisho, kwa majina matatu ya mama yake.

Mwalimu, mwache kila mtu aandike kwa mkono wake mwenyewe. Kwaherini, hadi somo lijalo.